Jina Juu ya Wino Mweupe

Mwalimu Nyange aliisukuma karatasi mbele ya mama yake Zawena. "Tia sahihi hapo chini, mama. Ndio mpango wa masomo wa binti yako, wake peke yake, wa mwaka mzima. Mkaguzi anapita kesho."

Mama aliusoma polepole kwa kidole. Mtoto ataitikia jina lake akiitwa. Ataimba pamoja na wenzake. Kidole kikarudi juu, kwenye jina la Zawena, kikasimama. Jina lilikuwa limeandikwa juu ya wino mweupe wa kufutia, uliokauka mnene. Akaukwangua kwa ukucha. Chini ya Zawena palikuwa na Mbaruku. Chini ya Mbaruku palikuwa na mwingine, ambaye herufi zake hazikusomeka tena.

"Mwalimu, mwanangu ni kiziwi."

"Najua. Watoto ninao arobaini na sita, mpango ninao huu mmoja." Hakuinua macho. "Mbaruku alikuwa haoni. Yeye kuimba aliweza."

Zawena alikuwa dirishani, amewapa mgongo, anachora kwenye vumbi la kioo. Mama alikanyaga sakafu ya mbao kwa kishindo, mara mbili. Mtoto akageuka papo hapo, akatabasamu.

"Liandike hilo," mama alisema.

Mwalimu alishika kalamu, akaipitisha juu ya karatasi akitafuta pa kuandika. Nafasi zote zilikuwa zimejaa. Akafungua saraka ya meza, akatoa kichupa cha wino mweupe, akakitikisa karibu na sikio asikie kama umebaki. Akakitikisa tena.

Hakusikia kitu.