Karatasi Inayoongea Kama Zawena

Siku hizi karatasi ya kujiunga na majaribio ya dawa haimfikii mgonjwa mpaka mtu aliyeishia darasa la saba aielewe yote. Zawena, aliyeishia darasa hilo, ndiye msomaji huyo katika hospitali ya mjini kwao, na kazi yake anaipenda. Palipoandikwa "madhara makubwa" aliwabana madaktari mpaka wakaandika "unaweza usiamke", ukurasa wa pili.

Leo karatasi ilimfikia mama yake, mgonjwa wa figo.

"He! Inaongea kama wewe!" mama alicheka, akatia sahihi.

"Mama, ukurasa wa pili hujafungua."

"Nifungue nini, mwanangu? Wewe ungeniandikia baya?"

Zawena akaufungua mwenyewe, akamsomea polepole. Alipofika kwenye "unaweza usiamke", mama alikuwa bado anatabasamu, akiifurahia sauti.