Shimo la Kidole

Alibonyeza kwa kidole gumba mguu wa wifi yake, mjamzito wa miezi minane, na alipotoa kidole shimo likabaki palepale, kama amebonyeza unga uliokandwa. Akasubiri lijae. Wapi!

"Mama, njoo uone! Huu mguu umevimba vibaya."

Mama akacheka kutoka jikoni. "Umenenepa huo! Mke wa kaka yako anakula akashiba humu ndani, waache majirani wafe na kijiba cha roho."

"Na kichwa kinampasua tangu jana. Tumpeleke hospitali."

"Kaka yako kasema asitoke mtu mpaka arudi kutoka kazini. Wewe hata mimba ya kusingiziwa hujawahi kupata, leo umekuwa daktari? Mimi nimezaa saba humuhumu. Kichwa kikiuma nilikuwa najifunga kitambaa, basi, yanaisha."

Wifi mwenyewe akatabasamu kinyonge, uso umeumuka, pete imezama kwenye nyama ya kidole. "Muache mama, wifi yangu. Kaka yako akikuta nimetoka, nitaambiwa najifanya kichwa ngumu."

Basi naye akanywea. Akauchukua mguu wa pili, akaupaka mafuta, akaanza kuukanda taratibu, huku jua la saa saba mchana likimwagika dirishani mpaka likamuumiza macho.

"Wifi," mjamzito akaita, mkono wake ukipapasa hewani kumtafuta. "Mbona mmezima taa?"