Diodi ya Maulidi

Nilizigeuza betri mbili za kengele yake, chanya mahali pa hasi, kwa utulivu wa kadhi anayefungisha ndoa. Zilikuwa kuukuu na zimevuja, zikanipaka weusi vidoleni.

Jirani yangu wa dawati, kijana wa Geita, alikuwa ametengeneza kengele inayolia kivuli kikipita. Jicho lake lilikuwa transista ya redio mbovu kutoka soko la Ngokolo, aliyoikwangua rangi kwa wembe mpaka kioo kikaonekana na mwanga ukaingia. Umeme ukiiingia kinyume, inaungua.

Nafasi ya kwenda maonyesho ya sayansi ya Mwanza ilikuwa moja, na kabla ya wembe ule ilikuwa yangu. Mwezi mzima bwenini hakuna aliyenitaja, hata kwa ubaya.

Afisa Elimu akaingia darasani kuchagua wa kwenda. Jirani akapitisha mkono juu ya jicho. Kimya.

"Pole sana, ndugu yangu," nikasema kwa huzuni kubwa.

"Ahsante." Akafungua kisanduku cha kengele, akazigeuza betri zilivyokuwa, akapitisha mkono tena. Kengele ikalia mpaka Mwalimu akaziba masikio.

"Haikuungua?" nikaropoka.

"Nimeweka diodi. Umeme ukija kinyume, haupiti."

Akamkunjulia Afisa mchoro wake. Kando ya diodi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Kinga dhidi ya Maulidi*.

Afisa akacheka. "Maulidi ndiye nani?"

Darasa zima likanigeukia. Nikaficha mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, kijana," akajibu, akaninyooshea mkono.