Usukani wa Kumpima Mkwe

"Unatetemeka kama mwenye homa," baba alisema, akauachia usukani kama mtu aliyeshika kikombe cha moto. "Lete mwingine."

Mwingine haukuwepo. Fundi alikuwa na huo mmoja tu, alioufunga mwenyewe kwenye meza ya karakana yake, mbele ya skrini kubwa na kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu. Ndani ya usukani kulikuwa na mota. Gari la kwenye mchezo likipanda jiwe, mota ilikupiga mikononi. Likiteleza, ilikunyang'anya usukani. Vijana walitoka mbali kuja kushindana mbio pale, na wengi walishuka kitini wakifuta jasho.

Kitinda, binti wa mwisho wa nyumba, alikaa kwenye benchi ukutani, mikono kaibana kati ya magoti. Fundi alikuwa mchumba wake. Habari hiyo ilipofika nyumbani mara ya kwanza, baba aliikataa palepale. Mtu anayekula kwa magari ya uongo, alisema, hata ndoa yake itakuwa ya kuchezea. Mama akamnunia mpaka chai ikawa haina ladha, ndipo baba akalegeza kidogo. Atakwenda akaushike huo usukani. Akiuona ni wa kweli, ndoa ipo. Akiuona ni wa uongo, asisikie tena jina la huyo kijana.

Na nani angebishana naye? Mtaa mzima ulimwita Mzee Usukani. Alistaafu kwenye kampuni ya malori, alikoshika usukani tangu Kitinda hajazaliwa, na hakuwahi kugonga hata kuku. Akiingia kwa kinyozi, madereva wadogo walimpisha kiti.

Fundi akapunguza mtetemo, akaondoa gari la mbio, akaweka lori. Baba akajiweka sawa, mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbele. Wakangoja. Lori halikwenda.

"Kanyaga mafuta, baba," fundi alisema kwa upole.

Baba alimtazama kama aliyeambiwa afue nguo za jirani. Mguu wake ulikuwa juu ya breki, na hapo ulibaki. Wakangoja tena. Mwishowe fundi akapiga magoti, akaingia chini ya meza, akawa anabonyeza kanyagio la mafuta kwa mkono. Kitinda hakushangaa. Mkubwa wa kazi hahangaiki na kila kitu, alijiambia.

Lori likaondoka. Baba akaikata kona ya kwanza bila kugusa hata ukingo wa barabara, lakini uso ulikuwa umemkunjamana. Akauliza ni nani amewasha mashine ya kusaga humu ndani. Fundi akajibu kutoka chini ya meza kwamba ile ni injini. Baba akasema lori lake halikuwa na kelele za namna hiyo hata siku moja. Ukiwa ndani uliwasikia ndege mitini. Kitinda akatabasamu peke yake. Hayo ndiyo matunzo. Vijana wa siku hizi wangeyajulia wapi?

Fundi akatoka, akazima sauti. Baba akalalamikia ile mitetemo midogomidogo ya barabara inayomwasha viganja, fundi akaiondoa pia, ingawa ilimchukua miezi kuitengeneza na ndiyo aliyojivunia kuliko vyote. Kisha baba akausukuma usukani kwa kidole kimoja, akacheka.

"Mwepesi huu. Usukani wa lori ni mzito, kijana. Ukikata kona, bega linajua."

Fundi alieleza, kwa heshima zote, kwamba injini ikiwa inawaka huwa inasaidia kukata, ndiyo maana usukani unakuwa laini.

"Labda ya kwenu," baba alisema.

Fundi akamgeukia Kitinda. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Kitinda hakuwa mtu wa kusema mbele ya baba yake. Hata chumvi mezani aliiomba kwa macho. Lakini alijua akinyamaza sasa, atanyamaza maisha yake yote.

"Ongeza uzito mpaka mwisho," alisema.

Fundi akamnong'oneza kwamba mpaka mwisho hilo si kuendesha tena, ni kupigana mieleka.

"Anayejua ni yeye. Ongeza."

Akaongeza, akarudi chini ya meza. Lori likaondoka kimya, bila mtetemo, usukani mzito kama umefungwa kwa saruji. Lilipofika kona, mabega ya baba yalinyanyuka, mishipa ikamtoka shingoni, kiti kikalia. Akaikata. Kwenye mteremko alikuwa akigusa breki kidogokidogo, kwa ulaini, kama mtu anayebembeleza mtoto. Taratibu uso ukamfunguka. Akaanza kuimba kwa pua.

"Hapo," alisema. "Hapo umenipata. Huu ndio wenyewe."

"Kwa hiyo, baba?" sauti iliuliza kutoka chini ya meza. Mkono wa fundi ulikuwa umekufa ganzi juu ya kanyagio.

"Waambie wazazi wako waje tuzungumze."

Kitinda aliinamisha kichwa ili wasiuone uso wake. Alipokiinua, baba alikuwa ameegemea mbele, pua karibu iguse skrini, akiipekua barabara huku na huku.

"Ila umesahau kitu kimoja, mwanangu."

"Kipi, baba?"

"Barabara tupu namna hii inanitia wasiwasi. Lile lori zima la mbele, linalonivuta kwa mnyororo, liko wapi?"