Kurumbiza na Wimbo wa Mama Kanga

Haya yaliwapata wanyama, lakini binadamu naye asizibe masikio.

Kurumbiza, ndege mwenye sauti tamu, alikuwa mwigizaji hodari. Siku moja aliigiza mama aliyeibiwa mayai, akaimba wimbo wa majonzi mbele ya wanyama wote uwanjani. Ndipo Nguchiro aliporuka mbele.

"Mwongo huyu!" alifoka. "Hajawahi kutaga wala kufiwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mshusheni jukwaani!"

Wanyama wakaanza kunung'unika. Kurumbiza hakutikisika, maana alijua wimbo ule ulikotoka.

"Bwana Nguchiro, uchungu si wangu," alijibu. "Changu ni sauti tu. Mwenye uchungu yule pale, Mama Kanga."

"Basi aimbe mwenyewe!"

Mama Kanga akapanda jukwaani. Alipofungua mdomo, kilio kikamtoka badala ya wimbo. Nguchiro akaangua kicheko. Kurumbiza akasogea, akamfunika mama wa watu kwa bawa lake.

"Ndiyo maana nilimfundisha wimbo wangu," Mama Kanga akasema hatimaye. "Mimi nikianza, nalia. Yeye huufikisha mwisho." Kisha akamgeukia Nguchiro. "Na kama unamtaka mwimbaji anayeujua msiba huu kwa karibu, njoo uimbe wewe. Maganda ya mayai yangu yalikutwa mlangoni pako."

Nguchiro akatoka mbio bila kuaga. Kurumbiza akakohoa kidogo, akauanza wimbo upya, na Mama Kanga akaketi mbele kabisa kuusikiliza msiba wake.