Nyumba Isiyoitika Hodi

Shekue alikuwa ameshatangaza kwa kipaza sauti kwamba mwakani kila nyumba mjini itakuwa na miwani yake ya kumwingiza mtu katika dunia ya kompyuta. Hadi siku hiyo alikuwa hajauza hata moja. Kwa hiyo Bi Mwanahawa alipoingia dukani, alimkimbilia na miwani mkononi: mama huyo akinunua kitu, mtaa mzima hukinunua.

Akamvisha. "Unaona nini, Bi Mkubwa?"

"Nyumba. Nzuri, ina mlango wa nakshi."

"Basi ingia, utembee kama kwako."

Bi Mwanahawa akavua kandambili, akazipanga pembeni, akaita, "Hodi!"

Watu waliojazana mlangoni mwa duka wakacheka. Yeye akangoja, akaita tena, kisha mara ya tatu.

"Ingia tu, hamna mtu," Shekue akasihi.

"Hamna mtu, nami niingie? Unataka niitwe mwizi?"

Shekue aliona biashara inamponyoka. Akabana pua, akaitika, "Karibu!"

"Hiyo sauti yako, mwanangu, na nyumba si yako." Akaivua miwani, akamrudishia. "Hodi tatu zimetosha. Wenyewe wakirudi, niite."

Akavaa kandambili zake, akaondoka. Watu wote wakamfuata.

Kwa hasira Shekue akaivaa miwani mwenyewe, aone ubaya uko wapi. Mlango ule alikuwa akiupita kila siku bila hata kuutazama. Safari hii alisimama mbele yake, na alipokuja kushtuka, ameshavua viatu.

"Hodi," akasema kwa sauti ndogo, akatega sikio.