Injini Lazima Ipumue

Jumanne, tarehe sita, saa moja na dakika ishirini asubuhi, pikipiki ya mke wa fundi iliteleza kwenye kona ya mlimani na kumtupa kichwa chini kwenye ukingo wa saruji. Mikate aliyokuwa akiipeleka madukani ilitapakaa hadi mtaroni. Polisi wakaja, wakapima kwa macho, wakaandika: mwendo kasi.

"Mwendo kasi!" Miezi minne baadaye fundi alikuwa bado analitema neno hilo, kichwa kimezama ndani ya boneti ya lori la mchanga. "Mwanamke aliyeendesha pikipiki kama amebeba mayai! Wangeandika lami mbovu, wangemkamata nani? Wangekamatana wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana marehemu kabebeshwa mzigo, maana hajibu."

Shemeji yake, kaka wa marehemu na mwenye lori, alikuwa ameegemea taa akichokonoa meno. Wimbo huo alishauzoea.

"Shemeji, mimi nimekuja kwa habari ya oili. Lita nzima kwa wiki. Moshi haitoi hata chembe. Nikililaza nyumbani, asubuhi chini pakavu. Sasa hiyo oili naila mimi?"

"Injini imezeeka. Wewe ulivyozeeka unakunywa mara ngapi kwa wiki?"

Shemeji alicheka kidogo.

Fundi alipitisha kitambaa juu ya kifuniko cha injini ya lori, kimoja cha vile alivyokuwa akiwafungia wateja kwa mkono wake. Kilikuwa chekundu, kinang'aa kama kucha za bibi harusi. Vifuniko vya kampuni, kwa bei yake, vilikuwa ni vya watu wenye vyeo. Hivi vya kuigiza vilinunulika. Kasoro yake ni kwamba kwa ndani havina kile kibati cha kuzuia oili isipande pamoja na mvuke, kwa hiyo mwanzoni magari yalikuwa yakirudi gereji yanafuka kama jiko la kuni. Fundi alilala chini ya gari siku nzima, akatoka na dawa. Bomba la kupumulia, lile linalorudisha mvuke ndani ya injini, alilichomoa, akaliunga kwa mpira mrefu na kuupitisha nyuma ya gia boksi, mvuke utokee nje chini ya gari. Moshi ukakoma palepale. Wenye magari wakaja kwa foleni. Kasoma mpaka darasa la nne, sawa, lakini hilo alilijua kuliko wasomi wote wa mji: injini lazima ipumue.

Gari jeupe la ofisi ya barabara likasimama mlangoni. Akashuka injinia, mwanamke mwembamba mwenye bahasha mkononi.

"Shikamoo, fundi."

Fundi hakuitikia. Shemeji ndiye aliyesema "marahaba," kwa aibu.

"Leo umepotea njia, mheshimiwa?" fundi alisema. "Mara tisa nimekuja ofisini kwako, mara tisa uko kikaoni. Au umeniletea kipande cha lami kwenye bahasha, nikafunike nacho kaburi?"

"Nimeleta majibu. Tulikata lami pale kwenye kona, ikapimwa."

"Mkajisahihisha wenyewe, mkajipa mia kwa mia."

"Imepimwa chuoni, si kwetu. Lami ni nzima." Alimnyooshea bahasha. "Lakini wewe ulisema kweli, fundi. Mkeo hakuwa na kosa. Polisi wamekubali kulifuta lile neno. Aliteleza kwenye oili ya injini."

Fundi alikaa juu ya tairi. Mikono yake yenye grisi ilitafuta pa kushika, ikakosa. Aliibonyeza ile bahasha kifuani mpaka ikaacha alama nyeusi kwenye shati. Miezi minne alikuwa hajalia mbele ya mtu, na sasa alilia mbele ya ofisa wa barabara.

Kisha akasimama.

"Nani kaimwaga? Nitajie mbele ya kaka yake huyu, nami leo hii nikamtajie mama mkwe. Anakaa kitandani anasubiri jina tu. Na huyo mtu afungwe, hata awe mtoto wa nani!"

"Ndilo lililonileta," injinia alisema. "Haikumwagwa na gari moja. Tumeshinda kwenye kona ile wiki mbili. Gari likipita tupu, halitoi kitu. Likipanda na mzigo, injini ikalemewa, linadondosha. Tone hili, tone lile, kila asubuhi, palepale. Tumesimamisha magari kumi na manne. Yana rangi zake na wenyewe mbalimbali, lakini chini ya kila moja kuna mpira mrefu unaning'inia, umeungwa na mkono mmoja."

Fundi alilitazama lori la shemeji yake.

"Nimewauliza madereva wote jina la fundi wao," injinia akaendelea, taratibu, bila kumtazama. "Hakuna aliyekubali kumtaja. Wanasema muacheni, ana msiba wa kumtosha."

Shemeji alikuwa ameacha kuchokonoa meno. Alipiga magoti kando ya lori lake, lori linalopanda mlima ule na mchanga kila alfajiri, akapenyeza mkono nyuma ya gia boksi. Alipoutoa, ulikuwa mweusi hadi kwenye kifundo.

Hakuupangusa.

"Shemeji," aliuliza, "mama tunakwenda kumtajia nani? Wewe, au mimi?"